Kuogopa na kuheshimu: polisi, wezi na vizazi vitatu vya Lubumbashi

Hotuba hii ilitolewa katika komini ya Katuba, Lubumbashi, mbele ya wazazi, vijana na mashefu wa avenyu. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ba nkambo wetu, yaani mababu na mabibi mlioketi mbele, wababa na wamama, mashefu wa avenyu, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimekwisha: jambo yenu wote.

Kuna neno linalosikika katika kila kilio cha mji huu, katika kila ndoa, katika kila kikao cha familia. Mzee anatikisa kichwa na kusema: "Batoto ba leo habaogopi tena bakubwa." Mmelisikia? Naona vichwa vinakubali. Vijana pia wanakubali, maana wao ndio wanaoambiwa.

Sasa tulitazame neno hilo kwa karibu. Mzee hakusema "hawaheshimu". Amesema "hawaogopi". Katika Kiswahili chetu cha Katanga, kuogopa na kuheshimu vimekula sahani moja kwa muda mrefu. Mtoto mwema anamuogopa baba, anamuogopa mwalimu, anamuogopa polisi. Mtu mbaya haogopi mtu. Tumezoea kusema hivyo, na ndiyo maana tunapoona woga umeondoka tunadhani heshima nayo imekwenda, na tunaanza kutafuta fimbo ya kuirudisha. Leo naomba tuvitenganishe vitu hivi viwili, kwa sababu kuvichanganya kunatuulia watoto.

Tuanze na ba nkambo.

Mji huu ulizaliwa 1910 kwa jina la Élisabethville, na ulizaliwa kwa ajili ya shaba. Mtu aliyekuja kufanya kazi Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba, aliingia kampi, na kampini kulikuwa na mkuu ambaye wazee walimwita Changa-changa, kwa kuwa alichanganya watu wa makabila yote mahali pamoja. Yeye ndiye aliyegawa nyumba. Kwake ndiko ilikotoka posho, kwa kipimo cha mume, mke na hesabu ya watoto. Mgeni akitaka kulala, mkuu alijulishwa. Mume na mke wakigombana usiku, polisi wa kampi waligonga mlango. Nyuma ya polisi wa kampi ilisimama Force Publique, jeshi ambalo tangu 1885 lilikuwa pia polisi wa nchi. Na chombo cha utawala huo kilikuwa fimbo ya ngozi ya kiboko. Sikilizeni lugha yetu wenyewe: jina la mnyama limekuwa jina la fimbo, na hadi leo mtoto akiambiwa atapata kiboko, hawazi juu ya mnyama wa mtoni. Idadi ya viboko ilipunguzwa mara kadhaa, lakini adhabu yenyewe ilidumu karibu hadi uhuru.

Mnakumbuka mwaka 1941? Walio hapa walisimuliwa na wazazi wao. Vita vilikuwa vimepandisha bei za vitu, mshahara ukabaki palepale. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira kudai nyongeza. Tarehe 9 Desemba askari wa Force Publique waliwafyatulia risasi. Watu makumi walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake.

Waliobaki hai ndio waliolea wazazi wetu. Ndio waliowafundisha: ukimwona polisi, vuka barabara. Mwenye nguvu mpishe. Je, ile ilikuwa heshima? Mtu anayevuka barabara anamheshimu anayemkimbia?

Lakini tusiwe wepesi kuwahukumu wazee. Nkambo anaposema "zamani kulikuwa na utaratibu", hasemi uongo. Alijua king'ora cha kazi kinalia saa ngapi. Alijua akiibiwa jogoo, atakwenda kwa nani, na kwamba kabla ya jua kuzama mtu ataitwa. Alijua kitakachofuata. Hiyo ndiyo iliyompa usingizi, na hiyo ndiyo anayoililia hadi leo. Fimbo ilikuwa juu ya uhakika huo kama kutu juu ya chuma, na sisi tuliorithi masimulizi yake tumeshika kutu tukidhani ndiyo chuma.

Kizazi cha pili, wababa na wamama, kwenu nitapita haraka mahali fulani na polepole mahali pengine.

Haraka: Julai 1960 askari wa Force Publique waliasi siku chache tu baada ya uhuru, baada ya jenerali wao Mbelgiji kuwaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Katanga ikajitenga ikiwa na jandarme wake, hadi 1963. Mwaka 1972 Mobutu aliivunja polisi na kuiingiza ndani ya jandarmeri ya taifa. Mwaka 1984 akaongeza Garde civile. Majina yakabadilika, kofia zikabadilika, na mtu wa barabarani aliendelea kuamriwa kwa Kilingala, lugha ya jeshi, katika mji ambao mama anamlea mtoto kwa Kiswahili.

Polepole: mshahara ulikufa. Mwaka 1993 serikali ilitoa zaire mpya, na moja ilikuwa sawa na 3,000,000 za zamani. Mwenye sare aliyelipwa kwa feza ya namna hiyo angekula nini? Alikula barabara. Alikula kizuizi, alikula makaratasi yako, alikula mfungwa. Hapo ndipo neno "kifungu cha 15", yaani jitafutie, lilipokuwa sheria inayofuatwa kuliko sheria zote. Usiku wa kuamkia 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliingia chuo kikuu cha mji huu na kuua wanafunzi. Idadi yao inabishaniwa hadi leo. Septemba 1991 askari walianza kupora Kinshasa, kisha uporaji ukafika miji mingine, pamoja na wetu. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati ule aliona nini? Aliona aliyevaa sare amebeba friji ya mtu kichwani. Baada ya hapo mwambie: heshimu sare.

Tarehe 9 Aprili 1997 AFDL, jeshi la waasi wa Laurent-Désiré Kabila, iliingia Lubumbashi. Sasa mwenye bunduki alikuamuru kwa Kiswahili, na tukajifunza kumwita afande. Lakini wengi wa maafande wale walikuwa kadogo, watoto. Mtoto wa miaka kumi na nne anamwambia mzee wa miaka sitini: lala chini. Na mzee analala. Wababa, ninajua kwamba jambo hilo halizungumzwi mezani. Watoto wenu walilitazama kwa upenyo wa dirisha, na kilichovunjika siku ile hakijaunganishwa na mtu yeyote.

Na nyumbani? Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi Union Minière, ilikuwa inaanguka. Baba aliyeheshimiwa kwa sababu ya posho alirudi bila posho. Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa katika ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Mama akaanza kuuza makala, yaani makaa, na unga, mtoto akaenda kuchimba kwa mkono, na mara nyingi mtoto ndiye aliyerudi na feza. Basi nani mkubwa nyumbani? Katika mji huu mamlaka ya baba na mamlaka ya askari zilianguka katika miaka ileile, kwa sababu ileile: zote mbili zilisimama juu ya mshahara, na mshahara ulipoondoka hapakuwa na kitu kingine chini yake.

Tunapenda kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ni kweli. Lakini tuwaonee huruma mama hawa: walifunza, na ulimwengu ukaja mlangoni na bunduki ukafundisha kinyume.

Sasa ninyi vijana wa mlangoni. Kwenu nitakaa muda mrefu.

Ninyi hamuogopi polisi. Mnamrekodi kwa simu. Mnamjibu. Mnajua jina la kifungu cha katiba kuliko yeye. Hilo peke yake si baya. Ila kuna saa moja ambapo kutoogopa kwenu kunageuka kitu kingine, nayo ni saa nane ya usiku.

Tuchukue usiku kama huo. Hatumsemi mtu fulani, lakini hakuna avenyu ya komini zetu za Katuba, Kenya wala Ruashi ambayo haitautambua. Filimbi inalia. Masufuria yanapigwa nyumba hadi nyumba. Vijana watatu waliruka ukuta, wawili wamekimbia, mmoja ameshikwa na simu mbili na kile kisanduku cha kutuliza umeme wa televisheni. Amepigwa tayari. Mtu anasema: tukimpeleka polisi, Jumatano atakuwa hapa tena anatucheka. Mwingine amekwenda kutafuta tairi. Mwingine ana chupa ya petroli.

Kwa nini tunafika kwenye tairi? Kwa sababu ya ile Jumatano. Watu hawachomi kwa kupenda harufu ya mpira. Wanachoma kwa sababu wameona mwizi akirudi. Basi tuulize kwa makini: mwizi anarudije? Jibu la haraka ni "ametoa feza". Mara nyingine ni kweli, na nitafika hapo. Lakini mara nyingi sana dosie, yaani faili ya kesi, ilikufa mikononi mwetu kabla polisi hajaigusa. Nitawaonyesha inavyokufa.

Inakufa kwanza kwa sababu mwenye mali anarudishiwa simu yake papo hapo, anashukuru Mungu, anakwenda kulala. Asubuhi hakuna mlalamikaji na hakuna kitu cha ushahidi. Polisi ana kijana mwenye uso uliovimba na uvumi.

Inakufa pili kwa mashahidi. Usiku walikuwa mia moja. Asubuhi mmoja ana kazi, mwingine anaogopa kulipiziwa, mwingine anasema mimi nilikuja tu kutazama. Mia moja wanakuwa sifuri.

Inakufa tatu kwa vipigo vyenyewe. OPJ, yaani afisa wa polisi mwenye kazi ya kuchunguza makosa, akiletewa mtu aliyevunjwa mbavu, hofu yake ya kwanza ni kwamba atamfia kasho, chumba cha mahabusu. Anamtuma hospitali. Kuanzia hapo jambo linalofuatiliwa ni nani alimpiga, na wizi umesahauliwa.

Inakufa nne kwa saa. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema mtu hawezi kuwekwa kasho na polisi zaidi ya saa 48. Zikiisha, anaachiliwa au anapelekwa mbele ya mamlaka ya sheria, kwetu hapa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Aliyekamatwa Ijumaa usiku, hesabuni wenyewe. Kama hadi Jumapili hakuna maandishi, hakuna shahidi, hakuna gari la kumpeleka, OPJ anayemwachilia amefuata sheria, na avenyu nzima itaapa kwamba amekula.

Mnaona? Tunamwita polisi mwizi kwa kosa ambalo nusu yake tulilitengeneza sisi usiku ule.

Basi tufanyeje saa nane ya usiku? Sheria ya mwenendo wa jinai, dekreti ya 6 Agosti 1959, kifungu cha 6, inampa mtu yeyote ruhusa ya kumshika aliyefumaniwa katika kosa zito, lile linaloadhibiwa kwa kifungo cha miaka 3 au zaidi, iwapo mwenye mamlaka hayupo, na kumpeleka mara moja kwa mamlaka iliyo karibu. Neno ni kumshika na kumpeleka. Hakuna neno la tatu.

Wanaomshika wawe wanne, na mwenye mali asiwe mmoja wao. Hasira yake ni ya haki lakini mkono wake haufai. Wawili wamshike, mmoja asukume watu nyuma, mmoja abebe vitu. Msimfunge kwa waya. Waya unakata damu, na baada ya saa chache vidole vinakufa. Tumieni kitambaa au kamba pana, mikono iwe mbele. Msimlaze kifudifudi na kumkalia mgongoni: kifua hakipandi, hewa haiingii, anakufa kimya huku mkidhani ametulia. Mketisheni. Tafuteni mama mzee mmoja wa avenyu, mmoja anayesikilizwa, asimame karibu naye. Katika mji huu kuna vijana wanaoishi kwa sababu mama mmoja alisimama mahali hapo na kanga yake.

Vitu vilivyoibwa viwekwe katika mfuko mmoja na visirudishwe kwanza. Andikeni: simu mbili, rangi, namba. Kila simu ina namba yake ya tarakimu 15. Unapiga *#06# nayo inatokea. Televisheni ina namba nyuma yake. Kama hukuiandika ulipokuwa na kitu mkononi, utamthibitishiaje OPJ kwamba simu nyeusi ni yako na si ya mwenye duka?

Aliyerekodi video aitunze kwenye simu yake kama ilivyo. Akiituma kwa WhatsApp inabanwa na inapoteza habari za saa na mahali. Na asiitandaze mitandaoni na uso wa kijana. Kifungu cha 17 cha katiba kinasema mtuhumiwa hana hatia hadi hukumu ya mwisho. Siku itakayobainika kwamba mlimshika mlevi aliyekosea lango, mtaifuta wapi video ile?

Kijana apelekwe mara moja kwa mamlaka iliyo karibu, kama sheria inavyosema. Asubuhi, watu wanne walewale waende kituoni pamoja na mwenye mali. Waulize nani ni OPJ, maana si kila mwenye sare anaweza kuandika PV, yaani maandishi rasmi ya kesi. Malalamiko yaandikwe: saa, mahali, nani aliona nini kwa macho yake. PV itaandikwa kwa Kifaransa. Yeyote kati yenu asiyekisoma, aombe asomewe kwa Kiswahili neno kwa neno kabla ya kutia sahihi. Ni haki yake, na OPJ mzuri hukubali. Kabla ya saa 48 kuisha, mtu mmoja arudi kuuliza: dosie imekwenda parke? Ikiwa imekwenda, inapewa namba ya RMP, yaani ya rejista ya parke. Andikeni namba hiyo. Mwenye namba ya RMP ana mahali pa kuuliza, na asiye nayo atabaki na hadithi. Parke wanaweza kumshikilia mtu kwa siku 5, kisha juji ndiye anayeamua kama abaki kwa siku 15, na baada ya hapo mwezi mmoja kwa wakati. Hayo yote yanahitaji karatasi.

Na yule aliyekwenda kutafuta tairi? Sheria ya jinai inamhesabu anayeshiriki moja kwa moja kuwa mwenye kosa sawa na mtendaji. Aliyeleta tairi, aliyeleta petroli, aliyezuia asikimbie: mbele ya juji wote ni wauaji. Hata anayetazama mtu aliye hatarini na kukataa kumsaidia huku angeweza, sheria inamjua. Lakini sitaki mjizuie kwa ajili ya kuogopa sheria. Ningekuwa nawarudisha kwa Changa-changa. Fikirini hili: kijana aliyechomwa amekwenda na majina ya wawili waliokimbia, na jina la anayenunua simu za wizi, na jina la aliyewakodisha bunduki. Mmefunga mdomo pekee uliokuwa na habari mnazozihitaji. Wiki mbili baadaye filimbi inalia tena.

Tukumbuke pia umri wa aliyeshikwa. Sheria ya 10 Januari 2009 inayolinda watoto inasema aliye chini ya miaka 14 hana jukumu la jinai, na aliye chini ya 18 anakwenda mbele ya mahakama ya watoto. Wengi wanaoruka kuta zetu usiku wana umri huo. Nani kati yenu anaweza kuona umri wa mtu gizani, uso ukiwa na damu?

Nimesema nitafika kwa polisi. Nimefika, na kama wako hapa bila sare, karibuni, maneno haya ni yenu pia.

Polisi wa Congo ya leo, PNC, iliundwa 2002, na sheria kubwa inayoiongoza ni ya 11 Agosti 2011. Kwa maandishi ni polisi ya raia. Kwa vitendo, polisi mdogo wa barabarani anadaiwa kila jioni apeleke raportaji kwa mkubwa wake: kiasi cha feza kwa sababu amepewa mahali pazuri pa kusimama. Asipopeleka, kesho anasimamishwa mahali pasipopita gari. Kijana anayemtukana yule polisi kwenye mzunguko anamtukana mtu wa mwisho katika mlolongo mrefu. Hilo halimpi ruhusa ya kula. Linatufundisha mahali pa kupeleka malalamiko yetu, yaani juu.

Lakini nasi tunamlisha. Unamdai jirani dola hamsini, unakwenda kwa OPJ amtie kasho hadi alipe, na OPJ anachukua sehemu yake. Deni halifungi mtu kasho; deni ni jambo la mahakama ya madai. Unapomfanya OPJ kuwa mkusanya-madeni wako, unamfundisha kwamba ufunguo wa kasho una bei. Kesho ufunguo huohuo utamfungia mwanao, nawe utalia kwamba polisi hawana heshima.

Na kuna desturi moja ambayo inaniuma kuliko zote. Wanakuja kumtafuta kijana, hawamkuti, wanamchukua mama yake. "Akija tutakuachia." Mama anakaa kasho siku mbili na sufuria ya maharagwe motoni nyumbani. Kifungu cha 17 kinasema jukumu la jinai ni la mtu mwenyewe, na hakuna anayeweza kukamatwa kwa kosa la mwingine. Limeandikwa wazi hivyo. Mashefu wa avenyu, siku hiyo ndiyo siku yenu. Nendeni watatu, si mmoja, mkiwa na katiba mkononi, msitukane, mseme kwa sauti ya chini: afande, kosa la mama huyu ni lipi, na limeandikwa katika kitabu kipi? Kila kasho lazima liwe na kitabu cha waliowekwa ndani. Mtu ambaye jina lake halimo anawatisha zaidi wao kuliko ninyi.

Hali kadhalika kumtoa mtu aliyemaliza saa zake ni bure. Kama OPJ anasema ni faini, faini ina risiti ya serikali. Bila risiti si faini. Na kwa kosa la ubakaji hakuna faini ya kumaliza kesi kwa OPJ hata kidogo. Sheria za 20 Julai 2006 zimeifunga njia hiyo, na zinamtaka OPJ amjulishe mwendesha mashtaka ndani ya saa 24. Wazazi wanaopokea mbuzi na feza kwa familia ya mbakaji, wakisema wanatunza heshima ya nyumba, wameitoa heshima ya binti kulipia ya wanaume.

Bukavu, Kananga na Matadi ndiyo miji iliyochaguliwa kwanza kujaribu polisi ya ujirani baada ya mageuzi: polisi, mashefu wa mitaa na wakaaji wanakaa meza moja, wanataja kona yenye giza, wanataja nyumba inayouza pombe hadi usiku wa manane, wanapanga nani afanye nini. Bukavu watu walikuwa na nyumba kumi zao tangu zamani, kwa hiyo meza ilikuwa na miguu. Hapa kwetu tuna mashefu wa avenyu, na wengi wao wanafanya kazi bila hata daftari. Hapo ndipo tunaweza kuanza bila kumsubiri mtu wa Kinshasa.

Daftari la avenyu ni la kurasa mia moja, mistari imepigwa kwa mkono. Safu ya kwanza tarehe na saa. Ya pili jambo lililotokea, kwa maneno machache, bila jina la mtuhumiwa kama hajakamatwa. Ya tatu walioona, wawili angalau, na namba zao. Ya nne vitu na namba zake. Ya tano jina la OPJ aliyepokea. Ya sita namba ya RMP. Likae kwa shefu, lakini nakala ya kila ukurasa ipigwe picha na mama mmoja na kijana mmoja, ili lisipotee na lisibadilishwe. Mkubwa ashike kalamu, kijana ashike simu. Kila Jumapili baada ya ibada dakika kumi zatosha kusoma safu ya sita: ipi ina namba, ipi haina, na nani atakwenda parke Jumatatu kuuliza.

Madaftari yako arobaini, kwenye meza karibu na dirisha, na mashefu watatia sahihi wanapochukua. Ba nkambo, mbaki kidogo: vijana wawili watapita kwenu na kalamu kuwaandikia namba za simu zenu, wakianza na mstari huu wa mbele.